Kisu, Panga na Bastola Mlangoni: Mwongozo Kamili wa Kuingia Majengo ya Umma na Bustani za Nairobi

Asubuhi moja nilinunua panga Kamukunji, katika mabanda ya jua kali ambako nyundo hazinyamazi, likafungwa kwa gazeti na uzi wa katani, nikalitia katika mfuko mmoja na karatasi za ardhi nilizokuwa nikizipeleka kwenye ofisi moja ya umma katikati ya jiji. Mlangoni kifaa cha kupekulia kililia. Mlinzi, mama wa makamo aliyevaa sweta chini ya koti la sare, alibonyeza mfuko kwa kidole, akahisi kipini, akaniuliza, “Mzee, hapa ndani umebeba nini?” Nikamjibu kwamba ni panga la kufyekea ua, bado jipya, na hata risiti ya mkono ninayo. Akaitazama risiti, akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, kisha akasema bila ukali wowote, “Nakuamini, mzee, lakini sasa hilo mimi nitaliweka wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilirudi hadi River Road nikaliacha panga katika duka la rafiki yangu, na niliporejea, ofisi ilikuwa imefungwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba shida ya kubeba kitu chenye makali Nairobi humalizwa nyumbani kabla ya kufunga mlango, kwa sababu milango mingi ya majengo ya umma haina kabati la kuhifadhia vitu vya wageni, na mlinzi aliyekuamini hana uwezo mkubwa wa kukusaidia kuliko yule aliyekushuku. Hatua zinazofuata zinahusu mkaazi wa kawaida na sheria za Kenya zinazomgusa. Aliyekwisha kufunguliwa mashtaka anahitaji wakili.

Hatua ya kwanza: tambua kitu ulicho nacho kinaitwaje katika sheria

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza mtu kuwa na bunduki, bastola au risasi bila cheti, na anayesimamia utoaji wa vyeti hivyo kwa raia ni Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoanzishwa kupitia marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014. Jambo hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba neno lililotumika katika sheria hiyo ni pana kuliko bunduki ya kawaida, kwa maana linajumuisha pia silaha yoyote iliyotengenezwa ili kurusha maji, hewa au kitu kingine chenye kudhuru. Tafsiri hiyo inaifikia dawa ya pilipili ya kupuliza, ile inayouzwa kichinichini katika vikopo vidogo vya kuning’iniza kwenye funguo na ambayo wasichana wengi wanaorudi nyumbani usiku huitia mkobani kwa nia njema kabisa. Ninaielewa nia hiyo, na sidhani kwamba askari mwenye busara atafurahia kumkamata mwanafunzi aliyekuwa akiogopa kuvuka daraja la miguu saa mbili usiku. Hata hivyo, anayeingia nayo katika jengo la mahakama au kituo cha huduma za serikali anajiweka mahali ambapo nia njema italazimika kuelezwa kituoni. Filimbi au king’ora kidogo cha mkononi hakina utata huo.

Bastola za kuchezea nazo zisipuuzwe. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu anayetumia mfano wa bunduki katika kutenda kosa, hata kama mfano huo hauwezi kufyatua chochote, na mlinzi aliye umbali wa hatua kumi hawezi kujua kama kile cheusi mkononi mwa mtoto ni plastiki. Mtoto akitaka kucheza bustanini, mpeni mpira.

Kundi la pili ndilo linalowatatiza watu, nalo ni la vitu vya kazi: kisu, panga, sime, rungu, shoka, nyundo, patasi, bisibisi. Hakuna sheria inayosema kwamba kumiliki panga ni kosa, la sivyo nusu ya nchi ingekuwa korokoroni. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inaposema silaha ya kudhuru, humaanisha kitu kilichotengenezwa au kurekebishwa ili kumjeruhi mtu, au kitu chochote ambacho aliyenacho amekusudia kukitumia hivyo. Kwa tafsiri hiyo, bisibisi ya fundi wa umeme ni chombo cha kazi, ilhali bisibisi ile ile iliyonolewa ncha na kufichwa kwenye mkono wa shati ni silaha.

Adhabu zake si za mchezo. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamhusu mtu anayebeba silaha bila sababu ya kuridhisha katika mazingira yanayoonyesha kwamba imekusudiwa kutumiwa, au imetumiwa karibuni, kuvuruga utulivu wa umma, na kifungo chake ni kati ya miaka 7 na 15. Kifungu cha 308 kinatoa adhabu ya kiwango hicho hicho kwa anayepatikana na silaha katika hali inayoashiria kwamba anajiandaa kutenda kosa kubwa. Tazama maneno yanayojirudia: sababu, mazingira, hali. Hakimu hupima saa uliyopatikana, mahali uliposimama, jinsi ulivyokibeba kitu chenyewe na jibu ulilolitoa mara ya kwanza ulipoulizwa, na ndiyo sababu jibu hilo linapaswa kuwa fupi, la kweli na lisilobadilika kituoni.

Hatua ya pili: jua mlango unaoelekea uko chini ya nani

Masharti ya mlangoni yanafuata mwenye mlango. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, inazipa kaunti jukumu la bustani na viwanja vya burudani, ilhali polisi na udhibiti wa silaha ni mambo ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo askari wa kaunti, ambaye Nairobi tumezoea kumwita kanjo, anaweza kukuambia usiwashe moto au usiuze karanga katika Uhuru Park, lakini hakuna ofisi ya kaunti inayoweza kukupa ruhusa ya kutembea na bastola humo.

Kwa upande wa majengo, upekuzi tulionao leo umetokana na majeraha ambayo jiji hili linayakumbuka kwa tarehe. Shambulio la tarehe 7 Agosti 1998 dhidi ya ubalozi wa Marekani liliwaua watu 213 hapa Nairobi, na palipokuwa na ubalozi huo sasa ni bustani ya kumbukumbu. Katika jengo la maduka la Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na katika eneo la hoteli na ofisi la DusitD2, tarehe 15 Januari 2019, wakauawa 21. Anayelalamika kwamba kufunguliwa buti la gari kila anapokwenda kununua mkate kunachosha ana haki ya kuchoka, ila ajue kwamba mlinzi anayelifungua buti hilo ndiye husimama mbele kabisa siku mambo yanapoharibika.

Mahakama za Milimani, Bunge, City Hall, Nyayo House, Times Tower, jumba la mikutano la KICC na vituo vya Huduma ni milango ambayo unapaswa kuikaribia ukiwa huna chochote chenye makali, hata kijisu cha kukunja kilichoning’inia kwenye funguo. Yapo pia maeneo yaliyotangazwa rasmi kuwa ya ulinzi chini ya Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, ambako kuingia bila ruhusa ni kosa lenyewe, uwe na silaha au mikono mitupu. Kituo cha reli ya SGR pale Syokimau kina utaratibu wake: abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, hurudi nyuma, na mbwa wa polisi huipitia akinusa kabla ya mizigo kuingizwa kwenye mashine. Kisu cha jikoni ulichomnunulia shangazi Mombasa kina nafasi kubwa ya kubaki Nairobi.

Bustani nazo hazifanani. Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969, pamoja na Jeevanjee na City Park, ni bustani za jiji ambako watu hupita na shughuli zao, na fundi anayekatiza na mfuko wa vifaa hashangazi mtu. Karura ni msitu wa serikali ulio chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Humo kukata mti au kuondoa mazao ya msitu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016, na anayekutwa kwenye njia za ndani akiwa na panga atapata kazi ngumu ya kueleza kwamba alikuja kufanya mazoezi. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117, ndiyo kali kuliko zote: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuingiza silaha, risasi, mitego au sumu bila idhini, na mbele ya askari wa wanyamapori upinde, mshale, mkuki na hata manati ya mtoto havitofautiani sana na bunduki ya jangili.

Hatua ya tatu: panga mzigo wako nyumbani

Usiku kabla ya safari, au asubuhi kabla ya chai, mimina kila kilichomo katika mkoba mezani. Nasema umimine, usipapase, kwa sababu vitu vinavyowaaibisha watu mlangoni ni vile walivyovisahau: wembe wa kuchonga penseli, mkasi wa kucha, kijisu cha kufungulia maboksi kilichobaki mfukoni tangu siku ya kuhama nyumba. Fanya hivyo pia kwa buti la gari, hasa kama mlienda shambani mwishoni mwa juma, maana fyekeo na jembe husahaulika chini ya gurudumu la akiba kwa miezi.

Kama siku hiyo una shughuli mbili, moja ya ofisi na nyingine ya ununuzi, anza na ofisi. Ushauri huu ni mwepesi kiasi cha kuchekesha, lakini ungeniokolea siku nzima.

Mpishi anayekwenda kazini na visu vyake, seremala, kinyozi na mkata nyasi hawawezi kuacha vifaa nyumbani. Kwao utaratibu ni kufunga makali ndani ya ala au kitambaa kizito, kuvitia katika mfuko mmoja usiofunguka ovyo, na kuvibeba mbali na mwili, kamwe si kiunoni wala chini ya koti. Wawe pia na ushahidi wa kazi, iwe ni kitambulisho cha mwajiri, barua ya kuitwa kazini au hata namba ya simu ya msimamizi aliye ndani ya jengo, ambaye ni vizuri awe ameshamjulisha mlinzi kwamba fundi atafika. Mmasai mwenye rungu na sime, ambavyo kwake ni sehemu ya vazi, na Singasinga anayevaa kirpani, kile kisu cha ibada, kwa sababu ya dini yake, wasitegemee kuelezana na mlinzi kwenye foleni. Wapige simu katika ofisi husika siku moja kabla, waulize utaratibu, na waandike jina la aliyewajibu.

Wanaokwenda kustarehe bustanini hukumbana na jambo dogo la kisu cha kukatia tikiti na nyama. Kata kila kitu nyumbani, ukitie katika sahani za bati zenye vifuniko. Usidhani kwamba kisu cha plastiki kitakuokoa, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, vijiko na visu vikiwemo, zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa, yaani mbuga na misitu. Na fimbo ya kuwafukuzia kima wa City Park haina haja. Ficha ndizi tu.

Hatua ya nne: namna ya kujiendesha mlangoni

Kama una kitu cha kutiliwa shaka, kiseme kabla kifaa hakijalia. “Habari ya kazi, mama, mimi ni fundi wa mifereji, humu mna msumeno mdogo na visu viwili, naenda orofa ya nne,” ni sentensi moja inayobadilisha hali nzima, kwa sababu aliyetangaza mwenyewe hatiliwi shaka kama aliyefumwa. Usiingize mkono mfukoni ili kukionyesha. Acha mfuko mezani na umruhusu mlinzi aufungue.

Sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi inamruhusu mlinzi aliyesajiliwa kukutaka ujitambulishe na kuandika saa ya kuingia na kutoka. Zamani walinzi walikuwa wakibaki na vitambulisho vya wageni hadi watoke, lakini mwaka 2023 mamlaka inayowasimamia iliwaagiza waache zoea hilo kwa ajili ya kulinda taarifa za watu. Mwonyeshe kitambulisho, aandike anachohitaji, kisha akurudishie. Ukikataa kupekuliwa, tarajia kunyimwa mlango. Mwanamke ana haki ya kupekuliwa na mwanamke mwenzake na kwa staha, jambo ambalo Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai inalitaja waziwazi kwa upekuzi wa polisi, na ambalo unaweza kulidai kwa upole katika mlango wowote.

Ukiambiwa kwamba kitu chako hakiingii, una njia tatu za heshima: kukirudisha garini, kumwachia mtu unayemjua nje, au kumwachia mlinzi ikiwa jengo lina daftari la vitu vilivyohifadhiwa. Hiyo ya tatu uikubali pale tu kitu kinapoandikwa na wewe kupewa namba au karatasi. Kukificha kwenye maua yaliyo mbele ya jengo ni wazo baya kuliko yote, kwa kuwa kisu kilichofichwa karibu na mlango wa umma kitamshtua atakayekiona, na kamera huenda imekuona ukiinama.

Hatua ya tano: kwa wenye vyeti vya bastola

Cheti kinakuruhusu kumiliki silaha kwa masharti yaliyoandikwa humo. Hakimlazimishi mwenye jengo kukufungulia. Kabla ya kutoka, hakikisha kwamba cheti hakijaisha muda wake na kwamba unacho mkononi, hasa kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya. Ikiwa unajua kwamba utaingia mahakamani, hospitalini au mbugani, iache silaha katika kasha lake la chuma lililofungwa. Kuiacha ndani ya gari kwenye maegesho hakukusaidii, kwa sababu utunzaji salama ni wajibu wako na silaha ikipotea unapaswa kutoa taarifa polisi mara moja.

Ukilazimika kuifikia milango ukiwa nayo, simama kando ya foleni, mikono ikionekana, umwambie mlinzi kwa sauti ya chini kwamba una silaha yenye cheti na iko upande gani, kisha usiiguse hadi aje mwenye mamlaka ya kuielekeza. Kwenye uwanja wa ndege, wa JKIA au Wilson, wajulishe shirika la ndege na polisi mapema, si kwenye mashine. Na kama jioni hiyo kuna kinywaji, silaha ibaki nyumbani: kubeba bunduki ukiwa umelewa au ukifanya fujo ni kosa linalojitegemea.

Hatua ya sita: mikutano na maandamano

Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoibeba haki yote. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka waandalizi wampe mkuu wa kituo cha polisi taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla ya tukio, inaweka muda wa mikutano kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na inafanya kuwa kosa kwa aliyehudhuria kuwa na silaha ya kudhuru. Ushauri wangu kwa waandalizi ni kutazama vijiti vya mabango: kijiti chembamba hubeba karatasi vizuri, ilhali mti mnene wa futi nne utaitwa rungu katika karatasi ya mashtaka. Ukija moja kwa moja kutoka kazini na vifaa vyako, viache kwanza.

Hatua ya saba: ukikamatwa, au ukionewa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa upesi, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Haki ya kunyamaza. Ya kuwasiliana na wakili. Na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi. Eleza jina lako na kazi yako, onyesha risiti au barua uliyo nayo, halafu ngoja wakili. Vitu vilivyochukuliwa viandikwe katika orodha. Isome kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa “kisu kimoja cha jikoni chenye kipini cha mbao” na “silaha kali” ni maneno mawili tofauti mbele ya hakimu. Omba namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, uiandike, na umtumie mtu wa nyumbani kwa simu.

Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, yanayohusu mlinzi wa kibinafsi hupelekwa kwa mamlaka inayowasajili, na ya ofisi ya serikali iliyokunyima huduma isivyo haki hupokelewa na Tume ya Haki za Kiutawala. Andika tarehe, saa, mlango na maneno yaliyosemwa siku hiyo hiyo, maana baada ya juma moja utakuwa unakumbuka hasira tu.

Ukikuta silaha iliyotupwa

Bustanini, kando ya mto au chini ya benchi, ukikuta bastola, risasi au kitu kinachofanana na bomu, usikiguse, usikipige teke wala usikifunike kwa jani. Waondoe watoto, simama mbali mahali unapoweza kukiona, na upige 999 au 112. Msubiri askari afike, umwonyeshe kwa kidole, na kabla hujaondoka hakikisha ameandika kwamba wewe ndiye uliyeita.